Mgombea, Biashara Yake na Kura Yetu

Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya wapiga kura

Asalaam aleikum, na kwa wenzetu Wakristo, Bwana asifiwe. Wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana mlioacha shughuli zenu mkaja, ahsanteni sana.

Mnakumbuka Septemba 2021. Fred Matiang'i, wakati ule waziri wa usalama wa ndani, alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Taifa akasoma orodha ya mali za naibu wa rais William Ruto zinazolindwa na polisi. Nyumba, mashamba, hoteli, na maafisa 257 wa ulinzi. Uchaguzi ulikuwa haujafika hata mwaka, na orodha ile ilizunguka kwenye simu zetu siku ile ile.

Upande mmoja ukasema: hasla gani (yaani mhangaikaji, alivyojiita Ruto) huyu mwenye ranchi na hoteli? Upande wa pili ukarudisha: na familia ya Rais Uhuru Kenyatta je? Brookside ni maziwa ya nani? Ile benki ni ya nani? Kuanzia hapo, kila mkutano wa hadhara hadi Agosti 2022 ulikuwa ni kutajiana mali. Huyu akitaja shamba, yule anataja kampuni. Vijana wetu hapa Kisauni na Likoni walipigana kwa maneno, wengine kwa mikono, wakitetea utajiri wa watu wasiowajua.

Na sisi tulipata nini katika kelele ile? Tulijua kwamba wakubwa ni matajiri. Hilo tulikuwa tunalijua tangu zamani. Hatukuuliza jambo lililotuhusu: mtu huyu akiingia ofisini na mali hii mkononi, ni maamuzi gani yatapita mezani pake ambayo yatamnufaisha au kumtia hasara yeye mwenyewe? Na siku hiyo ataondoka kwenye meza ile, au atakaa?

Hilo ndilo ninalolishikilia leo. Mgongano wa maslahi si wizi. Refa ambaye mwanawe anacheza uwanjani hajaiba mechi. Huenda ni refa mwadilifu kuliko wote. Lakini kila filimbi atakayoipiga itatiliwa shaka, na mashabiki watakuwa na haki ya kushuku. Dawa yake si kumtukana refa. Dawa ni ajulikane mapema kwamba ni babake mchezaji, halafu mechi hiyo apewe mwingine.

Katiba yetu ya 2010 inalisema wazi katika kifungu cha 75. Ofisa wa serikali anatakiwa aepuke mgongano kati ya maslahi yake na kazi ya umma, awe kazini, awe katika maisha yake ya faragha, au awe anashirikiana na watu wengine. Hayo maneno ya kushirikiana na wengine yana uzito, kwa sababu ndipo wanaposimama mke, ndugu, shemeji na yule rafiki wa utotoni ambaye jina lake ndilo lililoandikwa kwenye cheti cha kampuni.

Sasa tumefikaje hapa? Mwaka 1971 tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, gavana wa kwanza Mwafrika wa Benki Kuu yetu, ilitoa ripoti iliyoruhusu watumishi wa umma kumiliki biashara wakiwa bado kazini. Serikali ya Mzee Kenyatta ikaikubali. Tangu hapo ofisa wa ardhi akaweza kuwa mfanyabiashara wa ardhi, na daktari wa hospitali ya serikali akaweza kumuelekeza mgonjwa kwenye duka lake la dawa. Wenzetu wa Tanzania miaka minne kabla walikuwa wamekwenda njia nyingine kabisa. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi wa chama tawala, TANU, na wa serikali kuwa na hisa katika kampuni, kuwa na nyumba ya kupangisha, na kupokea mishahara miwili. Masharti yale yalilegezwa kwa azimio lililopitishwa Zanzibar mwaka 1991, na mwaka 1995 ikaja sheria ya maadili inayomtaka kiongozi atangaze mali. Sisemi turudi Arusha. Mtu anaruhusiwa kuwa na duka. Ninasema kwamba katika nchi yetu mlango ulifunguliwa kwa hati ya serikali, na hakuna aliyesimamishwa pale mlangoni kuangalia nani anapita na nini.

Niwape mambo mawili yaliyo kwenye kumbukumbu za umma, moja kwa kila upande, ili mtu asiseme nimekuja kumpigia debe fulani.

La kwanza. Mwaka 2019 benki ya NIC na benki ya CBA ziliungana zikawa NCBA, na serikali ikasamehe ushuru wa stempu (kodi ya kuhamisha mali) katika muungano ule. Familia ya rais aliyekuwa madarakani ilikuwa na hisa katika CBA. Huenda kusamehe ushuru kulikuwa ni uamuzi mzuri kwa uchumi. Wapo wanaoutetea hivyo. Mimi ninachouliza ni kwa nini mwananchi hakuambiwa, kabla ya uamuzi, kwamba familia ya mkuu wa serikali inayosamehe imo ndani ya biashara inayosamehewa.

La pili ni hoteli ya Weston, kule Lang'ata Road, Nairobi, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Rais Ruto mwenyewe hajaficha kwamba anahusika nayo. Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ilisema kiwanja kile ni chake. Januari 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi iliamua hoteli isibomolewe bali mamlaka ilipwe fidia ya bei ya soko, na mamlaka ikakataa, ikaenda mahakamani. Sasa tazameni: wenyeviti wa mashirika ya serikali huteuliwa na rais. Mtu aliyekuwa upande mmoja wa kesi akawa ndiye anayeteua wakubwa wa upande wa pili. Katika kampeni ya 2022 tulipiga kelele kuhusu kiwanja kilivyopatikana. Sikusikia mkutano hata mmoja mtu akimuuliza: ukishinda, mzozo huu utausimamia vipi?

Lakini yote hayo ni mambo ya Nairobi. Tuje nyumbani, kwenye bandari.

Agosti 2019 Mamlaka ya Bandari ilitoa agizo kwamba mizigo yote ya kwenda Nairobi na bara ipande reli ya kisasa, SGR. Kila mtu hapa anajua kilichotokea. Malori yakalala. Yadi za makontena zikawa tupu. Mawakala wa forodha wakafungua ofisi Nairobi au wakafunga kabisa. Mama wa chapati kule Miritini, aliyekuwa akiwauzia madereva, akakosa wateja. Watu wakaandamana, na agizo lenyewe likawa likisimamishwa na kurudishwa kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2022 kurudisha shughuli za bandari Mombasa ikawa ndiyo ahadi kubwa ya kampeni hapa Pwani, na siku ya kuapishwa, Septemba 13, Rais Ruto akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi.

Hebu tulitazame agizo lile kwa macho ya mtu mwenye mali. Kontena likitolewa Mombasa, anafaidika mwenye yadi Mombasa, mwenye malori, mwenye ghala la Changamwe. Kontena likitolewa Nairobi au Naivasha, anafaidika mwenye ardhi na maghala ya huko. Hakuna uamuzi hata mmoja kuhusu kontena usiomtajirisha mtu fulani na kumfilisi mwingine. Ndiyo sababu mbunge, gavana, seneta au waziri anaposimama jukwaani akalia machozi kuhusu bandari yetu, ni haki yetu kujua kama analia kama mwakilishi au kama mwenye yadi. Anaweza kuwa vyote viwili, na anaweza kuwa anasema kweli. Nilishangilia kama nyinyi shughuli ziliporudi. Hata hivyo nataka nijue nani alishangilia kwa sababu gani, maana kesho yule yule anaweza kuletewa mkataba wa kumkodisha mwekezaji gati, na safari hiyo faida yake na faida ya mpakuzi wa Shimanzi zisiwe upande mmoja.

Najua kuna watakaosema: si kuna vyombo vya kuwachuja hawa? Vipo. Mwaka 2022 Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi iliipelekea tume ya uchaguzi, IEBC, majina ya wagombea 241 waliokuwa na dosari za maadili. Wengi mno wao mliwaona kwenye karatasi ya kura. Kifungu cha 99 cha Katiba kinasema mtu hazuiwi kugombea ubunge mpaka amalize nafasi zote za rufaa, na rufaa katika nchi hii huishi muda mrefu kuliko bunge lenyewe. Julai 28 mwaka ule, siku kumi na mbili kabla ya kura, Mahakama Kuu iliamuru shilingi milioni 202 zilizokuwa kwenye akaunti za Rigathi Gachagua, mgombea mwenza wa Ruto, na washirika wake zitwaliwe na serikali, kwa kuwa jaji hakuridhika na maelezo ya zilivyopatikana kutokana na zabuni za umma. Yeye akasema ni siasa, akaahidi kukata rufaa, na akawa naibu wa rais. Novemba, mashtaka yake mengine ya jinai yaliondolewa mahakamani. Mimi si jaji. Ninasema tu kwamba mpiga kura alipewa hukumu chini ya wiki mbili kabla ya kura, hana muda wa kuisoma wala kuielewa, na akaachiwa achague kuiamini kulingana na rangi ya chama chake. Swali la mbunge kufanya biashara na serikali lilipaswa kuwa limeulizwa mwaka 2017, Gachagua alipokuwa anaomba kura za ubunge wa Mathira.

Na ile tume ya kuchunguza dola kutekwa na wachache, ambayo Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, iliahidi kwenye manifesto kuiunda ndani ya siku 30? Hatukuiona. Hasira ile ya kampeni iliisha siku ya kuapishwa, na hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu walikuwa wameligusa jambo la kweli.

Sasa tuna Sheria ya Mgongano wa Maslahi. Rais aliirudisha bungeni mwaka 2025 akilalamika kwamba imelegezwa, na ilipokazwa akaitia saini Julai 30. Ni hatua, na wale waliopigania wanastahili shukrani. Inamtaka mtumishi wa umma atangaze mali na madeni yake, yake na ya mwenzi wake na ya watoto wake walio chini ya umri, ndani ya siku 30 za kuingia kazini. Sikilizeni vizuri: za kuingia kazini. Yaani sisi tunapiga kura kwanza, halafu yeye anajaza fomu. Kabla ya kura, mgombea hujaza fomu ya kujitangaza ambayo humuulizia mwenendo wake. Orodha ya kampuni zake haibandikwi popote pale mtu wa Bamburi anapoweza kuisoma.

Afrika Kusini bunge lao huchapisha kila mwaka daftari la maslahi ya wabunge. Lina sehemu ya siri, lakini sehemu kubwa mwananchi hulifungua akaona mbunge fulani ana hisa wapi, ni mkurugenzi wa nini, alipewa zawadi gani na nani. Haijawafanya malaika, kashfa zao mnazisikia. Ila kule mwandishi wa habari akiuliza, anauliza akiwa na karatasi mkononi, na mbunge aliyeficha ana kesi ya kujibu kwa kule kuficha peke yake. Huku kwetu mwandishi huyo ataambiwa ametumwa.

Basi, tufanye nini kabla ya Agosti 2027? Msiende kwenye mikutano kumuuliza mtu una pesa ngapi. Atawaambia Mungu amembariki, na watu watapiga makofi. Muulizeni mgombea wa udiwani: una boza, yaani malori ya kuuzia maji? Kwa sababu kama anauza maji kwa boza katika wadi yetu, na bomba la kaunti halijafika, nataka kujua mapema atapiga kura gani siku bajeti ya bomba itakapoletwa. Muulizeni mgombea ubunge: kampuni yako au ya mwenzi wako inapewa zabuni na kaunti hii au na wizara? Ipi? Muulizeni gavana mtarajiwa kama ana viwanja vinavyogombaniwa na umma. Akisema biashara nimewaachia watoto, muulizeni watoto hao watazuiwa kuomba zabuni kwake au vipi. Akikataa kujibu, iandikwe kwamba alikataa, tarehe na mahali.

Na muulizeni kwa adabu. Mfanyabiashara anayejibu kwa ukweli, akasema nina yadi na siku ya kujadili bandari nitatoka chumbani, huyo mimi nitampa kura mbele ya maskini anayeficha mfadhili wake. Maana kuna hilo pia: yule asiye na kitu, ambaye mabango yake, magari na fulana zimelipwa na mtu asiyetajwa. Deni hilo nalo ni maslahi, na mara nyingi linalipwa kwa zabuni.

Mwaka 2022 kura za mchujo wa vyama zilifanyika Aprili, miezi minne kabla ya uchaguzi wenyewe, na katika wadi nyingi hapa Pwani mshindi wa tiketi ndiye mshindi wa kiti. Kwa hiyo maswali haya yaulizwe kwenye matawi ya vyama, kabla ya tiketi kutolewa. Wenye vyama mliomo humu, na nawaona, anzeni kuwadai wagombea wenu barua ya maslahi kabla hamjapokea ada ya uteuzi, na muibandike mlangoni pa ofisi ya chama.