Namba 1 ni kubwa kuliko namba 13

NEEMA: Karibuni tena. Mimi ni Mwalimu Neema, na Fundi Hamisi yuko hapa kama kawaida. Leo tumepanga mambo matano kuhusu kumwachia mtoto mdogo achague mwenyewe viatu na nguo zake. Tunaanza na nguo za kushindia...

HAMISI: Ngoja kwanza, Mwalimu. Vidole vya mtoto vimepona?

NEEMA: Vimepona, nashukuru. Wasikilizaji, Jumamosi nilikuwa soko la Mwanga na mpwa wangu wa miaka minne, tunatafuta viatu vya kutokea. Akachagua mwenyewe raba nyekundu, za mkanda wa kunata. Nikamuuliza, zinakutosha? Akasema zinanitosha. Jumapili jioni namvua, gumba limekuwa jekundu na kisigino kina lengelenge.

HAMISI: Na hakukudanganya. Mguu wa mtoto wa umri ule bado una gegedu nyingi, mifupa haijakomaa. Ukibanwa unafuata umbo la kiatu, na yeye hasikii maumivu kama ambavyo ungesikia wewe. Rangi mwachie. Namba usimuulize.

NEEMA: Lakini nilibonyeza mbele kwa kidole, nikaona nafasi ipo.

HAMISI: Karibu kila mzazi hubonyeza, na ndipo anapokosea. Ukibonyeza ncha ya kiatu mtoto anakunja vidole, hata bila kujua. Nafasi unayoikuta ni ya vidole vilivyojikunja. Kama soli ya ndani inatoka, itoe, iweke chini, mtoto asimame juu yake, kisigino sawa na ukingo wa nyuma. Mbele ya kidole kirefu zibaki milimita 12 hivi, karibu upana wa kidole chako cha mwisho. Na uangalie kidole kirefu ni kipi, maana kwa wengine ni cha pili, siyo gumba.

NEEMA: Na isipotoka?

HAMISI: Kata ukanda wa boksi.

NEEMA: Haya, boksi la Fundi limefika. Eleza polepole, kuna watu wanaandika.

HAMISI: Pima jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kwa shughuli za kutwa. Weka karatasi sakafuni, ukingo wake uguse ukuta. Mtoto asimame, kisigino ukutani, uzito kwenye miguu yote miwili. Akiwa ameketi mguu unakuwa mfupi. Weka alama mbele ya kidole kirefu, na penseli iwe wima. Ukiilaza, ncha inaingia chini ya kidole na kipimo kinapungua. Kisha mguu wa pili. Mara nyingi mmoja unauzidi mwingine, na kiatu kinanunuliwa kwa ule mrefu. Tuseme umepata sentimita 16. Ongeza 1.2, inakuwa 17.2. Kata ukanda wa urefu huo, upana wa vidole viwili, ncha ya mbele uiviringe kidogo.

NEEMA: Sokoni unautumbukiza.

HAMISI: Unausukuma mpaka mbele, ulale kwenye soli. Ukipinda, rudisha kiatu. Ukilala sawa na usicheze zaidi ya nusu sentimita, ndicho. Ukicheza sentimita nzima, kitapwaya: mtoto atakunja vidole ili kukishika kisivuke, atakiburuta, na kwenye miteremko yetu hii ya Kigoma atajikwaa. Wanaonunua namba mbili juu wakisema atakikulia, kiatu huisha kisigino kabla mguu haujakifikia.

NEEMA: Sasa turudi kwenye kuchagua. Mimi darasani kwangu...

HAMISI: Namba bado, Mwalimu. Bila namba mtu atachambua rundo zima. Ule urefu wa 17.2, zidisha kwa moja na nusu. Unapata 25.8, tafuta namba 26. Hiyo ni ya Ulaya, kila namba ni theluthi mbili za sentimita. Ya Uingereza ni hesabu nyingine: inaanza kwenye inchi 4, kila namba inaongeza theluthi ya inchi, inakwenda mpaka 13, halafu inaanza upya kwenye 1.

NEEMA: Inaanza upya?

HAMISI: Upya. Kwa hiyo kwenye rundo la mtumba, namba 1 ni kubwa kuliko namba 13. Mama anaona 1 anadhani ni ya kichanga, anaitupa. Anaona 13 anadhani ni ya kijana. Na kiatu cha mtoto wake alikuwa ameshakishika.

NEEMA: Basi kipindi kizima leo ni namba 13.

HAMISI: Na mtumba wenyewe. Kiweke juu ya meza, ukitazame kwa nyuma. Kikiinamia upande, mtoto wa kwanza alishakilaza kisigino, na wako atatembea kwa mwendo wa yule. Kikunje: kipinde pale vidole vinapoanzia. Kikipinda katikati ya unyayo, kiache. Kisipopinda kabisa, kiache pia. Halafu vuta soli kwa kucha pembeni. Gundi iliyokauka inaachia hapo hapo mbele ya muuzaji, na usione aibu kuivuta.

NEEMA: Sawa. Sasa nani anakwenda sokoni? Mimi nasema mtoto aende.

HAMISI: Abaki. Peleka boksi.

NEEMA: Boksi linapima urefu tu. Upana halijui, kimo cha unyayo juu halijui. Mtoto mwenye mguu mnene, kiatu kitamtosha kwenye boksi na hakitaingia mguuni.

HAMISI: Upana unauchora kwenye ile karatasi, unaweka soli juu ya mchoro. Kimo, chukua kiatu kinachofunguka, cha mkanda au kamba. Lakini mtoto akishakikumbatia kiatu mbele ya muuzaji, bei haishuki tena. Muuzaji anamtazama mtoto, hakutazami wewe.

NEEMA: Patana bei kabla. Mtoto asimame pembeni na mtu, wewe utafute jozi mbili au tatu ambazo umeshazipima, umeshajua bei ya kila moja, ndipo umwite achague. Hapo zote zinakufaa, na yeye amechagua kweli.

HAMISI: Umewahi kumsimamisha mtoto wa miaka minne pembeni ya rundo la viatu?

NEEMA: Ndiyo sababu nikasema na mtu.

HAMISI: Muulize nyumbani: unataka nyekundu au bluu? Halafu nenda peke yako.

NEEMA: Ukifika namba 26 nyekundu hakuna, bluu hakuna. Unarudi na ya kahawia. Umemfundisha nini? Kwamba ukimuuliza hukuwa unauliza. Jumatatu hadi Ijumaa sare imeshamchagulia, viatu vyeusi, soksi nyeupe. Kimebaki kiatu kimoja cha kutokea, na hicho nacho umletee kwenye mfuko?

HAMISI: Basi usimuulize rangi. Muulize ya mkanda au ya kutumbukiza.

NEEMA: Yeye hicho hakimhusu! Kinachomhusu ni wekundu. Kiatu alichochagua anakivaa mwenyewe asubuhi, anakitafuta mwenyewe uvunguni. Asichokitaka anakivua darasani, namwona peku uani, na peku ndiyo funza na safura.

HAMISI: Hilo la peku nakubali, si la kuchagua. La sokoni sikubali. Mzazi mwenye fedha ya jozi moja, akirudi amelipia zaidi kwa sababu ya machozi, jozi ijayo itachelewa, na mtoto atavaa kiatu kilichombana miezi miwili ya ziada.

NEEMA: Na aliyenunua nafuu kiatu kisichovaliwa, ameokoa nini?

HAMISI: Mwalimu, mimi simpeleki.

NEEMA: Na mimi nampeleka. Fundi, imebaki dakika moja na nusu na hatujagusa hata nguo moja.

HAMISI: Sema la shingo.

NEEMA: La shingo haraka: mtoto akikataa fulana, kabla hujasema ni mkaidi, pitisha vidole kwenye lebo ya shingoni. Ikikwaruza, ifumue uzi kwa uzi, usiikate kwa mkasi, kwa sababu kinachobaki kinachoma zaidi. Lastiki kiunoni ikiacha alama inayokaa, fungua pindo uilegeze. Vifungo na zipu itabidi wiki ijayo.

HAMISI: Na nguo za kutokea.

NEEMA: Na hizo, wiki ijayo. Mtu anauliza hapa boksi gani.

HAMISI: La sabuni. La biskuti ni laini, litapinda hata kwenye kiatu kinachotosha. Uandike tarehe juu ya ukanda, na mtoto wa chini ya miaka mitatu upime tena baada ya miezi mitatu. Ule wa zamani usiutupe, weka na mpya pamoja, utaona mguu umekwenda kiasi gani.

NEEMA: Na mpwa wangu?

HAMISI: Sentimita 16 na nusu, nimempima mlangoni wakati anaingia. Ukiongeza 1.2 ni 17.7, tafuta 27, boksi liamue.

NEEMA: Nitakwenda naye Jumamosi.

HAMISI: Nenda. Boksi lake hili hapa.