Firigisi Ni ya Nani?

Wazee wangu, akina mama, vijana, hamjambo? Asanteni kwa kunikaribisha Kisumu.

Kabla ya kuja hapa nilipita ufuoni, nikanawishwa mikono, nikaletewa ngege wa kukaanga na ugali. Nilipomaliza upande wa juu, nikamgeuza. Hakuna aliyeshtuka. Lakini ningekuwa mezani na wavuvi wa kusini mwa Uchina, wangeniwahi mkono. Kwao samaki akipinduliwa sahanini ni kama mashua imepinduka majini. Huutoa kwanza uti wa mgongo, ndipo wakaufikia mnofu wa chini. Watu wa Dunga, ninyi mnaovua ziwani, sina haja ya kuwaeleza hofu hiyo inatoka wapi.

Na Wajapani je? Vijiti vya kulia havisimamishwi wima kwenye bakuli la wali, kwa kuwa wali wa namna hiyo huwekewa maiti. Wala watu wawili hawapokezani chakula kijiti kwa kijiti, maana hivyo ndivyo jamaa wanavyoiokota mifupa ya marehemu wao baada ya kuchomwa. Ukimwona mtu anakatazwa kitu mezani, jua kuna jambo zito nyuma yake.

Ila mimi leo nimekuja na swali moja. Chakula kikishaiva, nani anapewa kipande kipi?

Kule Kazakhstan kichwa cha kondoo huwekwa mbele ya mgeni wa heshima, naye hukikata na kugawa. Sikio humpa mtoto, ili awe msikivu. Korea, mdogo hagusi kijiko mpaka mkubwa ashike chake. Waethiopia wana gursha: mtu anamega injera, mkate wao mwembamba, anaikunja na mchuzi wake, anamtia mwenzake kinywani kwa mkono wake mwenyewe. Desturi hiyo naipenda mno, kwa sababu tonge la kwanza linakuwa la mwingine.

Na hapa hapa Unyanza, wazee mnaikumbuka duol, kibanda cha mwenye boma. Kila mke alipeleka chakula kutoka nyumbani kwake, wanaume na wavulana wakala pamoja. Mtoto ambaye chungu cha mama yake kilikuwa kikavu siku hiyo alishiba bila kuulizwa. Hiyo ilikuwa busara kubwa.

Sasa twendeni kwetu, Vihiga. Kwetu mgeni hajafika mpaka kuku achinjwe, na firigisi, ile imondo, ni ya mwenye boma au mgeni anayeheshimiwa. Ukiikosa sahanini, kuna kesi. Lakini zamani mwanamke hakula kuku kabisa. Nyanya yangu alifuga kuku maisha yake yote. Aliwafunika vifaranga kwa tenga mwewe akizunguka, aliwanyonyoa, akawapika kwa moto wa kuni na moshi machoni. Kisha akapeleka bakuli sebuleni, akarudi jikoni kula ugali na mboga za kienyeji. Nilikuwa mtoto, nami nilikula mapaja yale bila kujiuliza lolote. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Wako wanaoniambia: ukigusa hapo umeua mila. Sikubali. Huo ugali mweupe tunaouapia ni wa mahindi, na mahindi asili yake ni Amerika. Wareno ndio walioyaleta pwani yetu. Kabla yake mwiko ulisonga wimbi na mtama. Kama sufuria nzima iliweza kubadilika nasi tukabaki kuwa sisi, kipande kimoja cha nyama hakitatuangamiza. Kunawisha wakubwa kwanza, nakutaka. Kumngoja mwenzako afike, nakutaka sana, hasa siku hizi ambapo kila mtu anakula peke yake akitazama simu. Kumnyima aliyemlea kuku tangu yai, hapana.

Wanawake wa umri wa mama yangu ndio waliovunja mwiko huo, kimya kimya, kila mmoja jikoni kwake. Krismasi moja mama alipakua, akaichukua imondo, akaiweka kwenye sahani ya nyanya mbele ya wanaume wote. Chumba kikanyamaza. Baba yangu mkubwa akainamisha macho. Nyanya aliitazama kwa muda, akaishika, akaitafuna polepole. Alikuwa ameipika zaidi ya miaka hamsini bila kuionja.

Akasema chumvi haikutosha.