Kumkumbuka Helena Normanton, Wakili wa Wanandoa

Mheshimiwa Mwenyekiti, mawakili wenzangu, wanafunzi wa sheria, mabibi na mabwana,

Kila anapotajwa Helena Normanton husomwa orodha ya mambo aliyoyatangulia wanawake wote wa Uingereza, watu wakapiga makofi, na habari yake ikaishia hapo. Jioni ya leo naomba tumkumbuke kwa jambo ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko orodha hiyo. Katika kazi yake yote alishikilia kwamba ndoa, pamoja na mapenzi yaliyomo, ina hesabu ya fedha ndani yake, na kwamba mke asiyejua sheria inasemaje juu ya fedha hizo yumo hatarini hata kama mumewe ni mtu mwema.

Alizaliwa mwaka 1882 mashariki mwa London. Baba yake alikutwa amekufa ndani ya handaki la reli mwaka 1886, na mama akabaki kuwalea watoto mjini Brighton kwa kupangisha vyumba. Helena mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili alifuatana na mama yake hadi ofisini kwa mwanasheria, ambaye alieleza jambo ambalo mama hakulielewa, huku mtoto aliyeketi pembeni akilielewa vizuri. Mwanasheria aliligundua hilo na akalisema waziwazi. Mtu mwingine angefurahia sifa. Yeye aliumia kwa ajili ya mama yake, mjane aliyebeba mzigo wa nyumba nzima lakini akawa hawezi kufuata mazungumzo yaliyohusu mambo yake mwenyewe. Hapo ndipo alipotaka kuwa wakili.

Njia ilikuwa ndefu. Alisomea ualimu, akafundisha historia, na mwaka 1918 akaomba kujiunga na Middle Temple, mojawapo ya vyama vinne vya London ambavyo bila kupitia humo hakuna awezaye kusimama mahakamani kama wakili. Alikataliwa kwa sababu ni mwanamke. Desemba 1919 Bunge lilipopitisha sheria iliyoondoa kizuizi hicho, alipeleka maombi upya mara moja, na kufikia tarehe 24 ya mwezi huohuo alikuwa amepokelewa. Alithibitishwa kuwa wakili Novemba 1922, miezi michache baada ya Ivy Williams, aliyemtangulia kwa cheo lakini hakufanya kazi ya mahakamani.

Ili tuelewe uzito wa kazi aliyoianza, ni lazima tukumbuke talaka ilivyokuwa wakati ule. Tangu mwaka 1857 mume aliweza kupewa talaka kwa kuthibitisha uzinzi wa mkewe tu, ilhali mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi wa mumewe pamoja na kosa jingine juu yake, kama ukatili au kutelekezwa. Tofauti hiyo iliondolewa mwaka 1923. Ukatili na kutelekezwa kwa miaka mitatu havikuwa sababu za kutosha peke yake hadi sheria ya mwaka 1937, kwa hiyo mke aliyepigwa miaka kumi na mume asiyezini hakuwa na mlango wa kutokea. Normanton, mwanamke wa kwanza nchini humo kumpatia mteja wake talaka, alikuwa miongoni mwa waliodai marekebisho hayo kwa kalamu na majukwaani.

Aliyoyadai kwa wengine aliyaishi nyumbani kwake. Alipoolewa na Gavin Clark mwaka 1921 aliendelea na jina lake, na mwaka 1924 akawa mwanamke wa kwanza aliyeolewa kupewa pasipoti ya Uingereza kwa jina la kuzaliwa. Wapo waliomwona mkaidi. Mimi naona alikuwa thabiti, na uthabiti huo ulimgharimu: kesi hazikuwa nyingi, akalazimika kuandikia magazeti na kupangisha vyumba ili ajikimu, na wenzake wa taaluma wakamshutumu kwamba anajitangaza. Mwaka 1949, yeye na Rose Heilbron walipopewa cheo cha Wakili wa Mfalme, heshima ya mawakili waandamizi, wanawake wa kwanza kukipata katika England na Wales, alikuwa ana umri wa miaka sitini na sita.

Mambo yaliyomkera yanaonekana wazi katika kesi ya Blackwell ya mwaka 1943. Mke alibana matumizi ya nyumbani kwa miaka, akaweka akiba ya zaidi ya pauni 100 katika chama cha ushirika. Ndoa ilipovunjika, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba fedha zote ni za mume, kwa kuwa zilitoka mfukoni mwake. Yaani mke aliyefuja hakudaiwa kitu, na aliyetunza alinyang'anywa. Chama cha Wanawake Walioolewa, ambacho baadaye Normanton alikuwa rais wake, kilipigania suala hilo. Lakini mwaka 1952, alipoandaa maelezo kwa ajili ya Tume ya Kifalme ya Ndoa na Talaka, wanachama wenzake waliyakana kwa madai kwamba yanawaonea wanaume. Akajiuzulu, na Baraza la Wanawake Walioolewa likaanzishwa kando. Inasikitisha kwamba mtu aliyezoea kukataliwa na wapinzani alifikishwa hapo na wa upande wake mwenyewe.

Alifariki Oktoba 1957. Mwaka 1964 Bunge lilitamka kwamba akiba itokanayo na fedha za matumizi anazotoa mume ni ya wote wawili nusu kwa nusu, isipokuwa wamekubaliana vingine. Sheria hiyo haikugusa nyumba wala mali kubwa, na mke aliyelea watoto miaka ishirini bila mshahara alibaki na hoja dhaifu mbele ya hakimu. Ni sheria ya mwaka 1970 ndiyo iliyowaagiza majaji, wanapogawa mali baada ya talaka, wazingatie mchango wa kila mmoja katika ustawi wa familia, ikiwa ni pamoja na kutunza nyumba na kuwalea waliomo.