Sehemu ya Tano ya Nguva

MWANAISHA: Karibuni tena kutoka Amu. Hiyo sauti mnayoisikia si mitambo, ni punda wa jirani, mshamzoea. Athmani leo kaja kanuna.

ATHMANI: Sijanuna. Jumatano nilikuwa Kizingitini kwenye mkutano wa wavuvi. Mgeni akaweka ukutani namba moja, 0.2, akasema hao ndio nguva wanaoweza kufa wavuni kwa mwaka, kisha akaketi. Mzee mmoja akauliza, "Hiyo sehemu ya tano ni kichwa au mkia?" Mkutano ukavunjika hapo.

MWANAISHA: Mkia nauchukua mimi! Haya, tulipanga mambo matatu: kamati za kisayansi za mamalia wa baharini zinavyoundwa, zinavyoshauri, na Lamu ichukue nini. Lakini hebu tumalize mkia kwanza.

ATHMANI: Hesabu yenyewe iliyozaa hiyo 0.2 ni ya Marekani. Wana sheria ya kulinda mamalia wa baharini ya mwaka 1972, na marekebisho ya 1994 ndiyo yaliyoleta kanuni hii. Unazidisha vitu vitatu: idadi ya chini ya kuaminika, nusu ya kasi ya juu ya kuongezeka, na kigezo cha kupona kati ya 0.1 na 1. Kwa nyangumi na pomboo, kama hakuna takwimu zao wenyewe, kasi huwekwa 0.04. Nusu yake 0.02. Chukua wanyama 100 kwa kasi hiyo hiyo, mfano tu, si hesabu ya Lamu. Mara 0.02, wawili. Walio hatarini kabisa kigezo chao ni 0.1, basi inabaki 0.2.

MWANAISHA: Mmoja kwa miaka mitano. Mwaka huu zamu ya Faza, mwakani Kiunga...

ATHMANI: Ndivyo walivyoanza kugawana kule! Namba hii si kibali, yakhe. Kuua nguva Kenya ni kosa la jinai. Kwa Wamarekani kazi yake ni moja: vifo vya uvuvi vikiipita, huitishwa meza ya kupunguza vifo, na mpango una miezi sita kuvishusha chini yake.

MWANAISHA: Mimi niliyoipenda ni ile "idadi ya chini". Watu hudhani unahesabu, unaandika. Tuseme ndege ya kuhesabia wanyama imepita juu ya bahari kwa mistari, makadirio yamekuja 160, ila kosa la makadirio ni asilimia 60. Huruhusiwi kutumia 160. Unashuka hadi mahali ambapo una uhakika wa asilimia 80 kwamba wanyama hawapungui hapo. Inakuja 100. Ukihesabu vizuri zaidi, kosa likawa asilimia 20, wanyama ni wale wale 160 lakini unaruhusiwa 135.

ATHMANI: Kwa hiyo hesabu mbovu inambana mvuvi.

MWANAISHA: Inambana! Na kuharibika ni rahisi. Ruka wakati wa kusi, bahari imejaa povu, kila povu mgongo wa nguva. Maji ya karibu na mikoko yana tope, nguva akizama kidogo humwoni, lazima urekebishe kwa wale waliokuwa chini ndege ilipopita. Na makadirio yakipita miaka minane bila kurudiwa, Wamarekani huyaona yamechacha.

ATHMANI: Hapo ndipo kamati inapoingia. Wana vikundi vitatu vya mapitio: Alaska, Pasifiki, na Atlantiki pamoja na Ghuba ya Mexico. Vinasoma rasimu za ripoti za hesabu hizi na kuuliza: hii namba ya lini? Vifo vimehesabiwa na mwangalizi aliyekuwa chomboni, au nahodha kajisemea? Wajumbe hawalipwi, wanarudishiwa nauli tu.

MWANAISHA: Nauli tu? Na mkia?

ATHMANI: Hata mkia. Kuna na nyingine, kamati ya wanasayansi tisa inayoshauri tume ya mamalia wa baharini, ya watu watatu. Tume ikitoa pendekezo na wizara isilifuate, wizara ina siku 120 kueleza sababu kwa maandishi.

MWANAISHA: Miezi minne. Ila kueleza si kutii. Wale pomboo wadogo wa Mexico, vaquita, kamati yao ya kimataifa ilikutana mara ya kwanza 1997. Makadirio yalikuwa 567, na tangu hapo wakasema tatizo ni nyavu za kunasa. Marufuku ya dharura ikaja 2015, wamebaki kama 60. Sasa hawafiki kumi au wako hapo hapo.

ATHMANI: Ndiyo maana Lamu ikiwa na kamati yake, mimi nataka wanasayansi watupu. Mwenye jarife, wavu wa kunasa, asikae meza ya kuhesabu. Aje meza ya pili, ya kupunguza vifo.

MWANAISHA: Hapo sikubaliani nawe kabisa. Nani anajua nguva wanakula majani wapi kwenye mkondo wa Mkanda, na maji yakijaa wanaingia saa ngapi? Na sheria yako hiyo hiyo ya Marekani inataka vikundi vile viwe na wajuzi wa zana na desturi za uvuvi.

ATHMANI: Mjuzi wa zana si mwenye zana. Anayepungukiwa namba ikishuka, utamwaminije na namba?

MWANAISHA: Na mwanasayansi anayepewa mradi namba ikipanda?

ATHMANI: Huyo anapitiwa na wenzake.

MWANAISHA: Wenzake hawajawahi kuteremsha jarife! Mvuvi asipokuwepo, aliyenasa nguva hatasema, na hesabu ya vifo itasoma sifuri. Sifuri ya uwongo.

ATHMANI: Akiwepo itasoma sifuri vile vile, ila imepigwa muhuri.

MWANAISHA: Haya. Sijashawishika.

ATHMANI: Wala mimi.

MWANAISHA: Fundi ananionyesha vidole viwili, na bado tuko kwenye jambo la kwanza.

ATHMANI: Nusu ya la kwanza. Yale mengine yaache. Wape jinsi ya kumwandika nguva aliyenaswa.

MWANAISHA: Upesi basi. Akiwa hai, shika kwanza pua iwe juu ya maji, kata wavu, mwachie. Akiwa amekufa, andika tarehe, mahali, kina, ukubwa wa tundu la wavu kwa inchi, na wavu ulikaa majini saa ngapi. Kisha urefu, kamba inyooke, usiifuatishe na tumbo, kuanzia puani hadi pale katikati ya...

ATHMANI: Sema.

MWANAISHA: ...ya mkia.