Bomba la Oili Kwanza, Turbo Baadaye

Wenye magari, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mlio bado mafunzoni, asanteni kwa kuja. Wengi wenu mmenisikia nikilia na jambo hili, na leo nitalilia tena, kwa sababu bado naletewa turbo nzima zilizong'olewa bila hatia. Turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili kusukumia injini hewa, haijifii tu. Huuawa, na mara nyingi muuaji ni bomba.

Nachukua mfano wa Toyota Celica GT-Four, ile ya ST185. Hapa Kenya sina haja ya kuitambulisha. Sainz 1992, Kankkunen 1993, Ian Duncan wetu 1994, Fujimoto 1995: madereva hao waliishinda nayo Safari Rally nne mfululizo. Lakini gari hilo lilitoka kati ya 1989 na 1993. Lililo changa kabisa limepita miaka 30, na kwa sheria yetu ya kutoagiza magari yaliyozidi miaka minane huwezi kuagiza jingine kuukuu ulichinje spea. Toyota yenyewe ilipoanza kufufua spea za magari yake ya zamani mwaka 2020, ilianza na Supra. Sisi wa Celica tunajitafutia.

Sasa, mabomba ya oili kwenye turbo ni mawili. Moja jembamba, linapeleka oili yenye presha kutoka kwenye injini. La pili nene, linairudisha kwenye sampo, lile beseni la oili chini ya injini, na humo hamna presha yoyote. Oili inashuka kwa uzito wake tu. Kila fundi anaogopa lile la presha. Mimi naogopa hili la kurudishia, na nitakaa hapa kidogo.

Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Haigusi beringi zake. Inaelea juu ya utando wa oili. Na kwenye ncha zake hamna sili ya mpira, kwa joto lile ingeyeyuka. Kuna ringi nyembamba za chuma, ndugu zake ringi za pistoni. Ringi hizo hazizibi oili kama kizibo cha chupa. Zinasaidiwa na presha ya hewa na ya moshi iliyo upande wa pili, na zinategemea kwamba oili iliyokwisha kazi inaondoka upesi. Ikichelewa, inajaa katikati ya turbo, inapita kwenye ringi, inaingia kwenye eksozi. Hapo unaona moshi wa buluu, na fundi anakwambia: turbo imekufa.

Kuna bwana mmoja alileta GT-Four nyeupe, turbo ya pili hiyo, na gereji aliyotoka ilikuwa imemshauri anunue ya tatu. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki. Nikamwuliza, moshi unatoka lini? Akasema ukisimama kwenye taa za barabarani; ukiondoka unapungua. Nikamwambia zima injini, fungua boneti. Nikaingiza mkono chini ya turbo na kupapasa. Bomba la chuma la kurudishia halikuwepo. Lilikuwa limepasuka zamani, na mahali pake paliwekwa hosi nyeusi, nyembamba kuliko ile shingo ya turbo inayotolea oili, ikavutwa kwa hosi klipu. Na kwa kuwa ilikuwa ndefu mno, ilishuka, ikajikunja, ikapanda tena kabla ya kuingia kwenye blok, mwili wa injini. Oili inapandaje mlima bila presha? Tulipoikata kwa urefu, ukuta wake wa ndani ulikuwa umevimba na kulegea, unabonyea kwa kidole, na tundu lililobaki halipitishi penseli. Turbo tuliishika shafti, tukaitikisa: nzima kabisa. Tulimtengenezea bomba tu. Moshi uliendelea kidogo mpaka oili iliyolala kwenye eksozi ikaungua, ukaisha. Hebu piga hesabu ya turbo mbili alizokwisha kulipia.

Kwa hiyo bomba la kurudishia linataka mambo haya. Liwe pana, na lisipunguzwe popote, kwa sababu oili inatoka pale imechanganyika na hewa, ni povu, na povu linataka nafasi. Lishuke moja kwa moja. Likiinama, lisizidi nyuzi 35 kutoka wima. Lisiwe na tumbo, yaani lisishuke kisha likapanda. Liingie juu ya kimo cha oili kwenye sampo, si chini yake. Na gasketi yake iwe gasketi! Silikoni msipake. Ile inayofinywa kwa nje mnaiona na kuifuta. Inayofinywa kwa ndani inaning'inia kwenye tundu, halafu inakatika.

Najua kuna mtu hapo nyuma anataka kuniambia: mwalimu, ile hosi ya haidroliki ya trekta inabeba presha mara nyingi kuliko injini, itashindwaje? Nimejibu swali hili mpaka nimechoka, lakini nitalijibu. Presha ya oili ya injini ni bar nne, tano hivi. Hosi ya haidroliki inabeba bar 200 na zaidi. Sawa. Lakini soma kilichoandikwa ubavuni mwake, au mwulize muuzaji kuhusu joto: nyingi za kawaida mwisho wake ni nyuzi 100 za Selsiasi. Hapo pembeni kuna ganda la chuma la turbo linalowaka mpaka linakuwa jekundu. Kinachoua hosi pale ni joto. Na ikipasuka, oili inamwagika juu ya chuma chekundu, gari linashika moto. Hilo si jambo la kubahatisha.

Ukitaka hosi, tafuta yenye utumbo wa teflon na suka ya chuma nje. Hiyo inavumilia hadi nyuzi 260 hivi. Msidanganywe na suka inayong'aa, nyingine ndani ni mpira mtupu. Angalia pale ilipokatwa, kwaruza kwa ukucha: teflon ni ngumu na inateleza, mpira unabonyea.

Muda unakwenda, na bomba la kupelekea sijaligusa. La zamani usilitupe hata likiwa limeoza. Ndilo ramani yako. Kabla ya kukata chochote pitisha waya ndani: ukikwama karibu na turbo, hiyo ni oili iliyoungua ikawa mkaa, tabia ya watu wanaozima injini ikiwa moto bila kuiacha ipumue. Toyota MR2 ya turbo, SW20, ilitumia injini ile ile ya Celica hii, 3S-GTE, kwa hiyo tafuteni na huko, lakini weka bomba kando ya bomba kabla hujatoa pesa. Ukichonga jipya, tumia bomba la chuma lisilo na mshono, likunjwe kwa mashine. Shaba hapana, mtikisiko unaifanya ngumu na inapasuka. Thredi pimeni kwa geji: M12 ya 1.25 na M12 ya 1.5, upana mmoja wa milimita 12 ila nafasi kati ya mikato ni tofauti, huanza kuingia zote, na hapo ndipo watu huharibu blok. Washa za shaba ziwe mpya. Tepe nyeupe ya mafundi bomba isikaribie, nyuzi zake zinaishia kwenye beringi. Na wenye Subaru, baadhi ya injini zenu za EJ zina kichujio kidogo ndani ya ile bolti ya banjo, bolti yenye tundu inayofunga bomba la kupelekea oili. Kikiziba, turbo inakufa kwa kiu, na nyie mnalaumu oili.

Kuna la viwango vya oili, hilo nitaliruka. Lakini hili la kuwasha siliachi. Kabla ya kufunga bomba la kupelekea, mimina oili safi kwenye tundu la turbo, zungusha shafti kwa mkono. Kata umeme wa mafuta na wa cheche, piga stata mpaka taa ya oili izime. Ndipo urudishe, uwashe, uiache ingurume polepole bila kukanyaga mafuta, ukiwa na tochi chini ya gari. Ikipoa, kagua kila nati.

Waliokuja na mabomba yao wayalete hapa mbele, geji ya thredi ninayo.