Badilisha mpini wa fimbo ya gofu kabla kiwiko hakijalalamika

Karibuni tena. Wengi mmeniuliza kuhusu maumivu ya kiwiko upande wa ndani, na mnalaumu mapigo tu. Mimi naanza na mpini. Tazama huu: mpira umekauka hadi unang'aa. Kitu kikiteleza, mkono hukikaba wenyewe. Misuli ya kukunja vidole na kifundo cha mkono imejishikiza kwa kano kwenye kinundu cha mfupa hapa, ndani ya kiwiko. Kila ukikaba, kano hizo ndizo zinazovutwa.

Bana fimbo kwenye jiliwa, chana mpira kuelekea mbali nawe, bandua tepu ya zamani, futa. Shafti, yaani ule mti mrefu wa fimbo, ikiwa ya grafaiti, tumia kisu chenye ncha iliyopinda kama ndoana tu, maana mkwaruzo mmoja waweza kuivunja baadaye.

Sasa unene, na hapa sina haraka. Shika mpini mpya kwa mkono wa kushoto, kama unapiga kwa kulia. Ncha za kidole cha kati na cha pete ziguse kidogo tu nyama ya chini ya dole gumba. Zikichimba, mpini ni mwembamba. Zisipofika, ni mnene. Kila tabaka la ziada la tepu chini ya mpini huongeza unene kama milimita 0.4. Mimi napenda mnene kidogo, tena laini.

Zungushia shafti tepu yenye gundi pande mbili. Fungua madirisha. Ziba tundu la mwisho wa mpini kwa tii, kile kijiti cha kuwekea mpira wa gofu, mimina tapentaini ndani, tikisa, kisha imwage yote juu ya tepu. Yote! Tepu ilowe.

Ngoja, kamera imeangalia ukuta... haya, sasa mnaona.

Sukuma mpini kwenye shafti kwa mkupuo mmoja. Usisimame katikati! Mara yangu ya kwanza nilibania tapentaini, mpini ukagandia nusu ya njia, nikalazimika kuuchana ukiwa mpya kabisa. Narudia: lowesha sana, sukuma, usipumzike mpaka uguse mwisho.

Nyoosha alama za mpini zilingane na uso wa fimbo, haraka, gundi ikiwa bado mbichi. Usipigie mpira fimbo hii leo, iache ikauke usiku kucha.

Fimbo zangu za aina ya chuma (zile zenye kichwa cha chuma) nimeziwekea shafti za grafaiti, kwa sababu ukiugonga mpira vibaya, mtikisiko unaofika kiwikoni ni mdogo kuliko wa shafti ya chuma. Lakini vidole vya pete na kidogo vikianza kufa ganzi, mpini hautakusaidia. Nenda kwa daktari.