Mashairi Bustanini: Mahali, Saa na Sauti

Ndugu zangu wapenzi wa ushairi, anayesikiliza bustanini hana kitabu mkononi. Shairi analisikia mara moja, na likimpita limempita. Kwa hiyo kuchagua mti na kupanga viti ni sehemu ya kazi ya ushairi, na ningependa tuifanye kwa bidii ileile tunayotungia.

Kampala na Entebbe zina kiangazi mara mbili, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti. Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, imo ndani ya hicho cha pili, nami naona hakuna tarehe inayofaa zaidi. Anzeni saa kumi na nusu, adhana ya alasiri ikishapita. Malizeni saa kumi na mbili. Jua huzama karibu na saa moja, na kabla ya hapo ndege waitwao kwarara hurudi kulala mitini kwa makelele ambayo hakuna kipaza sauti kitakachoyazidi.

Kabla ya kuweka mkeka, tazameni nyasi chini ya mti. Mkiona madoa meupe mengi, juu kuna viota vya kongoti, hao kaloli wetu; tafuteni mti mwingine. Msomaji na wasikilizaji watazamane kaskazini kwa kusini, ili jua la magharibi limpige kila mtu ubavuni na lisimwingie yeyote machoni. Katika Bustani ya Mimea ya Entebbe, upepo wa alasiri hutoka ziwani. Hapo msomaji alipe ziwa mgongo, upepo umchukulie sauti kuipeleka kwa watu.

Wakiwa 40 au pungufu, waketi nusu duara na mtasikika bila mashine, hasa nyuma ya msomaji pakiwa na ukuta. Zaidi ya hapo, chukueni spika mbili za betri, jenereta inanguruma. Ziinuliwe juu ya vichwa vya walioketi, zisimame mbele ya maikrofoni, upande wa wasikilizaji. Zikiwa nyuma yake, sauti inarudi kwenye maikrofoni na mlio mkali unaanza. Barabara ya bodaboda iwe nyuma ya wasikilizaji, kwa sababu maikrofoni ya kawaida ya mkononi hupokea zaidi kutoka upande wa mdomo na kidogo sana kutoka mgongoni mwake. Ivisheni sponji, na mdomo ukae umbali wa vidole vinne, kwa pembeni kidogo, herufi p na b zisipasuke.

Sasa usomaji wenyewe, maana hapa ndipo tunapopoteza mengi. Chukueni mshororo huu:

*Wingu latoka ziwani, nasi nyasini twangoja.*

Mizani, yaani silabi, 16, nane kwa nane. Msomaji aliyezoea ukumbini hushusha sauti kwenye “-ni” na kuimeza “-ja”. Ukumbini kuta zinamsaidia. Nje hakuna kuta, na silabi hizo mbili ndizo vina vyenyewe! Pumua katikati ya mshororo, si mwishoni tu, na silabi ya mwisho ibebe nguvu sawa na ya kwanza. Kwa mwendo wa mizani tatu kwa sekunde, beti 10 za mishororo minne huchukua kama dakika 4 pamoja na vituo. Zinatosha kwa mtu mmoja.

Shairi lenye kibwagizo litangulie, na watu wafundishwe kibwagizo hicho kabla ya ubeti wa kwanza. Wasikilizaji wengi wetu ni wa Kiganda: wapeni kiini cha shairi kwa Kiganda, sentensi mbili tatu, kisha lisomwe lote bila kukatizwa. Kufasiri mshororo kwa mshororo kunaua mahadhi.

Karatasi zibanwe kwenye ubao kwa vibanio vya nguo, maandishi yawe makubwa. Kioo cha simu hakisomeki juani.

Ngurumo ikisikika, acheni papo hapo, hata katikati ya ubeti. Watu waende ndani ya jengo au kwenye magari, wasijikinge chini ya mti, kwani radi hupenda mti mrefu. Jengo hilo liombwe mapema, katika barua ileile ya ruhusa kwa msimamizi wa bustani, na tarehe ya akiba iandikwe kwenye tangazo tangu mwanzo.